Mtambaapanya wa Mzee Honi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama upo jikoni, punguza moto chini ya sufuria. Kama upo kazini na bosi hakuangalii, ongeza sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye sauti yake wengi wenu mliizoea hapa hapa, kwenye saa ya salamu. Leo tunamkumbuka Mzee Honi.

Mzee Honi amefariki dunia. Amefariki mchana, nyumbani kwake, kwenye nyumba ya udongo aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe. Naomba mlishike hilo, maana habari yake yote inazunguka hapo. Dereva wa lori, mtu wa barabarani, alijenga nyumba ya miti, udongo na nyasi. Aliijenga ili mke wake aje wakae pamoja. Na mke akasema haji.

Jina la Honi hakupewa na wazazi wake. Alilipata kazini. Alikuwa dereva wa safari ndefu, na kila alipokatiza karibu na mtaa wao bila nafasi ya kusimama, alipiga honi, moja ndefu na moja fupi. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake kilitazama barabara. Akisikia honi anajua bwana yu hai na breki zinashika, basi anaendelea kushona. Watoto wa mtaa wakawa wanapiga kelele, "Honi huyooo!" Jina likaganda kama gundi.

"Baba tulimsikia kuliko tulivyomwona," anasema binti yao, ambaye siku hizi ni muuguzi. Anasema hivyo akicheka, lakini kicheko chenyewe ni kifupi.

Mzee alilijua hilo, na lilimuuma. Kuna wakati aliwaambia madereva wenzake, "Mimi nimekula na utingo wangu mara nyingi kuliko nilivyokula na mke wangu. Na utingo mwenyewe hanipendi."

Macho yalipoanza kuchoka, taa za magari ya mbele zikimtawanyikia kama mafuta juu ya maji, akarudisha funguo. Hakuna aliyemfukuza. Alirudisha mwenyewe. Halafu akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mkewe, akavuta stuli, akasema anataka kujenga. Alikuwa na kipande cha shamba alichoachiwa na mama yake, nje kabisa ya mji, kwenye kilima kidogo.

"Utajenga kwa nini?" mkewe akauliza. "Tofali?"

"Udongo. Miti, fito, udongo na nyasi. Nimekaa ndani ya bati maisha yangu yote, Bibie. Barabarani bati, kwenye chumba cha kupanga bati. Mvua ikinyesha humsikii mwenzio. Nataka nyumba ambayo mvua ikinyesha, nikusikie unaongea."

Mkewe hakuinua macho kwenye cherehani. "Na nikinyamaza?"

"Basi nitasikia umenyamaza."

Hapo alicheka, wasikilizaji. Akakubali. Ila akaweka sharti moja. Miaka ya nyuma panya waliingia kwenye kile kibanda wakatafuna shela la bibi harusi, na asubuhi bibi harusi akaja kulichukua. Mama yule hajaisahau ile sura. Kwa hiyo akasema, "Udongo, sawa. Nyasi, sawa. Choo cha nje, sawa. Panya, hapana. Nikiona hata mkia, mimi na cherehani yangu tunarudi mjini."

Mzee Honi akaapa. Makubaliano yakawa hayo: yeye atangulie ajenge, nyumba ikiezekwa mkewe ahamie.

Akaenda. Kule kilimani akampata fundi mmoja wa nyumba za asili, mtu mdogo kwake kwa umri, mwembamba, anayepanda ukuta kama hana uzito. Walimwita Kenge, na mwenyewe haoni vibaya. Kenge ndiye aliyemwonyesha mzee miti ya kuchagua, akamfundisha kubandua magome na kuichoma ncha za chini ili mchwa wasiipende. Wakachimba mashimo, wakasimika nguzo. Wakapitisha fito ndani na nje, wakazifunga kwa kamba.

Tabu ilikuwa kwenye haraka. Mzee Honi alijenga kama anayekimbiza mzigo wa samaki. Udongo wa kichuguu unatakiwa ukanyagwe na nyasi zilizokatwakatwa, umwagiwe maji, ufunikwe, ulale. Yeye alitaka kukanyaga asubuhi na kukandika mchana. Akakandika ukuta wa mbele kwa udongo ambao haujalala. Ulipokauka ukapasuka pasuka kama kisigino.

"Mzee wangu," Kenge akamwambia, "hapa hakuna gia ya tano. Hapa ni ya kwanza tu, mpaka mwisho wa safari."

"Sasa nifanye nini?"

"Bomoa. Kaa. Kunywa chai."

"Chai yenyewe ya moto."

"Isubiri ipoe. Hilo nalo ni somo."

Akabomoa. Ndipo shemeji yake akaja kuangalia. Huyu ni kaka wa mkewe, muuza nyama mjini, mtu wa maneno mengi na kisu kikali. Alizunguka ule uwanja, mikono nyuma, akatikisa kichwa. "Shemeji, watu wanatoka kwenye udongo, wewe unarudi? Hii nyumba au kichuguu chenye mlango? Dada yangu utamweka humu kama kumbikumbi?"

Mzee Honi alikuwa ndani ya shimo la udongo, suruali imekunjwa magotini. Akamjibu bila kuacha kukanyaga. "Shemeji, wewe kandia. Mimi nakandika."

Muuza nyama anasema maneno hayo alirudi nayo bucha, akawa anayasimulia kwa wateja kama kichekesho. Baadaye, anasema, yakaacha kumchekesha.

Nguzo zikasimama. Kuta zikafika juu. Sasa, wasikilizaji wapendwa, tunafika kwenye neno. Ukishamaliza kuta, kabla ya paa, unalaza miti mirefu juu ya nguzo, inazunguka nyumba nzima. Paa lote linaikalia hiyo. Mafundi wanauita mti huo mtambaapanya. Ndilo jina lake. Labda aliyeupa jina alikuwa na panya kwao. Lakini mtambaapanya ni mti, si panya. Nalirudia: ni mti.

Siku mtambaapanya ulipolazwa, Mzee Honi aliona amemaliza kazi ngumu kuliko zote. Furaha ikamjaa. Angeweza kumpigia mkewe, lakini mkewe akishona hasikii simu. Redio ndiyo anaisikia, inaimba juu ya rafu kutwa. Na mzee alizoea tangu enzi za lori kutuma salamu zake kupitia hapa. Akapiga simu studio. Mwenzetu aliyekuwa zamu akaipokea, ikaenda hewani moja kwa moja.

"Namsalimu mke wangu, fundi cherehani! Bibie, nyumba imefika kwenye mtambaapanya!"

"Kwenye nini, mzee?"

"Mtambaapanya!"

"Panya?"

"Panya, ndiyo! Mtambaapanya! Mrefu, mnene, umenyooka, unapita juu ya kila ukuta! Njoo uone mwenyewe!"

Simu ikakatika. Mtandao wa kilimani ndivyo ulivyo.

Kule kibandani cherehani ilisimama. Walikuwepo wateja. Mmoja akasema, "Mama, kumbe baba anafuga?" Wakacheka mpaka mwingine akakalia pini. Mke wa Mzee Honi hakucheka. Alizaliwa mjini, akakulia mjini, neno lile hakuwahi kulisikia. Alichokisikia ni panya, tena warefu, wanene, wanapita juu ya kila ukuta. Na mumewe anawatangaza redioni kwa furaha! Akainuka, akaigeuza redio ikatazama ukutani.

Binti yao ndiye aliyepewa ujumbe. "Mwambie baba yako akae na hao aliowajengea njia. Mimi siji."

Mzee Honi aliupokea ujumbe akiwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Mtu mwingine angecheka, angepiga simu, angeeleza kwamba mtambaapanya ni mti. Yeye alikaa chini. Kenge anasema hapo akasema kitu ambacho fundi hakukitegemea.

"Si panya, Kenge. Panya ni kisingizio tu. Ananiogopa mimi. Tangu tuoane hajawahi kukaa na mimi mwezi mzima mfululizo. Ananijua honi tu."

"Sasa si umweleze kwamba ni mti?"

"Nikimweleza halafu bado asije?"

Hapo ndipo penyewe, wasikilizaji. Mzee alitaka mke. Nyumba ilikuwa njia tu ya kumfikia. Akaona bora ajibu kwa kazi kuliko kwa simu, na kazi yenyewe akaikosea. Paa lilipoezekwa, palibaki uwazi kati ya kichwa cha ukuta na nyasi, kama kawaida ya nyumba hizo. Yeye akaamua kuuziba wote. Akapandisha udongo mpaka ukashikana na nyasi, asipate pa kupita hata sisimizi.

Kenge alimkataza. "Mzee, hapo nyumba inapumulia."

"Panya nao wanapitia hapo."

"Utainyonga."

"Acha niinyonge."

Mvua za kwanza zikanyesha. Maji hayakuingia hata tone, lakini nyumba ikaanza kutoa jasho. Kuta zikalowa kwa ndani. Nyasi za paa, pale zilipogusana na udongo, zikaota ukungu, zikanuka kama nguo zilizosahauliwa ndani ya beseni. Mzee Honi akawa anakohoa. Akapanda ngazi, akaushika ule udongo wa juu, akaanza kuubandua bonge kwa bonge. Kenge hakusema "nilikwambia". Alishika ngazi tu.

Uwazi ukarudi. Sasa hewa inapita, na panya akitaka naye anapita. Ndipo mzee akaanza kusuka. Alichukua vijiti vyembamba kama kalamu, akavimenya, akavipitisha kimoja juu, kimoja chini, akaunda wavu wa kuziba ule uwazi wote kuzunguka nyumba. Upepo unapita. Mnyama hapiti. Ni kazi ya kupinda shingo, mikono juu, vidole vinachanika. Ukivuta kwa haraka kijiti kinavunjika, unarudia. Mtu aliyekuwa hawezi kusubiri chai ipoe alikaa kwenye ile ngazi msimu mzima wa kiangazi.

Na mjini je? Mjini mambo nayo yalikuwa yamegeuka, ila mzee hakujua. Seremala mmoja alipeleka suruali kutiwa kiraka. Wateja wakamsimulia kichekesho cha panya wa redioni. Seremala akashika tumbo kwa kucheka.

"Mama yangu, mtambaapanya ni mti! Ule unaobeba paa. Hata hapa upo. Tazama juu."

Mama akatazama juu. Juu ya cherehani yake, chini ya bati, kulikuwa na boriti ndefu imelala juu ya ukuta. Siku zote za kazi yake alikuwa amekaa chini ya mtambaapanya. Akaushusha uso, akaendelea na kiraka.

Binti yake akamwambia, "Sasa Mama, si umpigie Baba yaishe?"

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba nimekosea neno? Neno nimeshalielewa. Mwanangu, mimi sijui hata baba yako anakoroma vipi. Nitafika kule, tutazungumza habari gani kutwa nzima?"

Mnaona, wasikilizaji? Huku anaogopa, kule anaogopa, na katikati umelazwa mti wa watu.

Binti muuguzi akapata likizo, akaenda kilimani. Alimkuta baba yake juu ya ngazi, kijiti mdomoni. Hakumwita kwanza. Alisimama akamtazama. Baba alipitisha kijiti, kikavunjika. Akakitoa polepole, akachukua kingine, akaanza upya. Hakutukana. Binti anasema katika maisha yake yote hakuwahi kumwona baba yake akirudia kitu bila kutukana.

Akarudi mjini, akamkuta mama yake anakata kitambaa. Akamweleza.

"Amesuka mwenyewe?" mama akauliza.

"Mwenyewe."

"Nyumba nzima?"

"Nyumba nzima, Mama. Kamaliza pande tatu, umebaki mmoja. Vidole vyote vina vidonda."

"Baba yako huyu huyu? Anayekunywa chai inachemka?"

"Huyu huyu."

Mkasi ukatulia. Kisha mama akasema, "Niitie mjomba wako aje na gari lake la nyama. Alioshe kwanza."

Kwa hiyo mke wa Mzee Honi alipanda kilima ndani ya gari la bucha, yeye mbele na kaka yake, cherehani nyuma imefungwa kwa mashuka. Mzee Honi alisikia gari, akashuka kwenye ngazi. Walisalimiana kama wageni. Mama akawahi kusema, "Nimekuja kusalimia tu." Muuza nyama, ambaye siku hiyo peke yake katika maisha yake alikaa kimya, alikuwa anashusha cherehani.

Mama akaizunguka nyumba. Akagusa kuta. Akasimama chini ya ule wavu wa vijiti, akautazama kwa jicho la mshonaji.

"Hapa umeruka," akasema.

"Wapi?"

"Hapo. Umeruka kijiti kimoja. Panya mwembamba anapita."

"Nitarudia."

Wakaingia ndani. Mama akainua macho. "Ule mti mrefu juu ya ukuta unaitwaje?"

Mzee Honi akajikuna shingo. Neno lile alikuwa amelifukuza kwenye kilima chote, hata Kenge alikatazwa kulitamka. "Unaitwa... mti wa juu."

"Uite jina lake."

"Bibie, yaishe."

"Uite jina lake, mzee! Nimepanda gari la nyama mpaka huku."

"Mtambaapanya."

"Haya," mama akasema. "Mimi nalala upande wa mlangoni."

Kuanzia siku hiyo hakurudi mjini, isipokuwa kununua nyuzi.

Wengi wenu mlituuliza, mbona Mzee Honi hasikiki tena kwenye saa ya salamu? Amehama? Anaumwa? Jibu tumelipata kwa mkewe mwenyewe. Alimkataza. Alimwambia, "Ukitaka kunisalimia, nipo hapa, nyuma ya mlango."

Waliishi hivyo. Mama akashona nguo za majirani. Mzee akalima kidogo, akasimulia barabara zake mpaka akaambiwa basi. Mvua zilinyesha juu ya nyasi, na wakasikilizana. Aligundua mkewe huongea peke yake akitia uzi kwenye sindano. Mkewe naye akagundua mzee hakoromi, anapiga mluzi. "Mluzi wa mzigo mzito," anasema, "kama anapanda mlima."

Nyumba ya udongo haimalizwi, wasikilizaji. Kila mwaka kabla ya mvua inasiribwa upya, inapakwa udongo laini kwa viganja. Mwaka huu mzee alimaliza kuta tatu. Ukabaki wa nyuma. Akakanyaga udongo wake, akaufunika kwa majani ili ulale. Akanawa miguu, akaketi chini ya upenu, akaomba maji. Mkewe alipoyaleta alimkuta ameegemea ukuta wake. Akadhani amesinzia. Akasubiri asikie ule mluzi.

Mzee Honi, dereva wa lori, mjenzi wa nyumba ya udongo, alikwisha kwenda.

Baada ya mazishi, ndugu walikubaliana kwamba mama arudi mjini. Ni haki yao, walimwonea huruma. Binti akaandaa chumba. Muuza nyama akaleta gari, safari hii halijaoshwa kwa sababu hakuwa na moyo wa kuosha. Wakafungasha nguo. Wakamtafuta mama ndani, hayupo. Walimkuta nyuma ya nyumba, kanga imekunjwa magotini, yumo kwenye shimo la udongo anakanyaga.

"Dada, twende. Jua linakwenda."

"Nendeni nyinyi."

"Mama," binti akasema, "utakaa na nani hapa?"

"Huu udongo ukikauka hivi, baba yako atakuwa ameukanyaga bure. Ukuta wa nyuma haujasiribwa, na mvua hizo hapo. Anayetaka kunihurumia avue viatu."

Binti anasema walitazamana. Aliyevua kwanza ni mjomba. Aliingia shimoni na suruali yake ya bucha, akateleza, akamshika dada yake bega. Walisiriba ule ukuta wote, na alama za viganja vya watu watatu zipo pale mpaka leo. Mama yuko kilimani. Hahami. Mvua za kwanza zimeshanyesha, na ukuta umesimama.

Kwa mama yetu, fundi cherehani wa kilimani: pole sana. Kwa binti, muuguzi: pole. Kwa shemeji, muuza nyama, na kwa fundi Kenge aliyeshika ngazi bila maneno: poleni. Mungu ampumzishe Mzee Honi mahali pema. Sisi wa kituo hiki tumepoteza mtu wa salamu. Nyinyi mmepoteza mtu wenu, hatuwezi kulinganisha.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Wasikilizaji wapendwa, huenda yupo mtu uliyemnunia kwa sababu ya neno. Alilisema hivi, wewe ukalisikia vile, na mpaka leo hamjaulizana. Au mmeshaelewana kimoyomoyo, ila kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza. Usimtumie salamu kupitia hapa. Leo hatupokei. Mpigie mwenyewe, au mfuate aliko. Na akipokea, zima redio.